Tausi Asiye na Meno

Enzi zetu, dunia ilifika Mwanza ikiwa imebandikwa kwa mate. Mtu wa nchi ya mbali alilamba kipande cha karatasi chenye picha ya mlima wake au ndege wake, akakigandamiza kwenye bahasha, na wiki tano au sita baadaye kipande hicho kilikuwa mkononi mwangu, mtaani kwetu Mirongo, juu ya jiwe, nakinusa. Wenzangu wa rika langu hamtacheka, maana mlinusa pia. Stempu za Ulaya zilinuka gundi tamu. Za Kenya na Zambia zilinuka gunia la posta. Na zile za Uarabuni zilinuka karafuu, au tulijidanganya kwamba zilinuka, kwa sababu kila mtu alitaka ziwe zinanuka.

Nilikuwa na stempu mia moja na kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili kila Jumamosi, kwa sababu Bibi yangu alisema hesabu ya kwanza ni ya vitu, na ya pili ni ya macho yako, kama kweli yalikuwa yanatazama.

Soko letu lilikuwa jiwe. Mnayajua mawe ya Mwanza: makubwa kuliko nyumba, yamekaa tu, kama wazee waliofika mkutanoni mapema wakasinzia. Jiwe letu lilikuwa nyuma ya nyumba, tambarare juu, na ukikaa upande wa kulia uliona kipande cha ziwa kati ya paa mbili za bati. Jumamosi tukimaliza kufua sare tulipanda na madaftari yetu. Chini mtu alikuwa akikaanga mapanki ya sangara, na harufu ile ikapanda ikatukuta. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, kila kitu kimefunguliwa: maduka yamejaa sabuni za rangi ambazo hatukujua zinafulia nini, mitumba imemwagwa barabarani, na ndege kubwa zinanguruma juu yetu zikipeleka minofu ya sangara kwa watu tusiowajua. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na vichwa na mifupa. Na niseme ukweli, mifupa ile ilikuwa mitamu. Ukinyonya shavu la sangara polepole, humwonei mtu wivu.

Bei za jiweni zilijulikana. Stempu yenye mnyama ilikuwa sawa na tatu zenye vichwa vya wakubwa, maana vichwa vya wakubwa vilikuwa vingi, kila nchi ilikuwa nacho chake, na vyote vimekunja uso. Stempu yenye meli ilikwenda kwa wanyama wawili. Iliyong'oka jino moja, katika vile vimeno vya ukingoni, ilishuka nusu. Ya pembetatu haikuwa na bei. Mwenye nayo alitaja anachotaka, nawe ukarudi nyumbani kufikiri.

Mshindani wangu alikuwa Salum, mtoto wa fundi cherehani wa barazani mtaa wa pili. Upande mmoja babu zake walitoka Tabora, na upande mwingine palikuwa na maelezo marefu, lakini faida yake ni kwamba baba yake alikuwa na ndugu wa kumwandikia barua kutoka kila kona. Salum alikuwa na umri wangu, miaka kumi na mmoja, na alikuwa na tabia moja mbaya: alikubali bei yako kabla hujamaliza kuitaja, ukajua papo hapo umepunjwa.

Kubandua stempu kulihitaji subira. Unakata kona ya bahasha kwa wembe, unaacha ukingo kidogo usije ukagusa meno. Unaiweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, picha ikitazama juu. Kisha unaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa, kuondoka, kwa sababu ukikaa utaivuta. Ukirudi unakuta stempu imejitenga yenyewe na karatasi, inaelea peke yake, kama mtoto aliyeachiwa mkono akagundua kwamba anajua kuogelea. Unaibandika kwenye kioo cha dirisha. Ikikauka inaanguka. Mchana wa kiangazi, nyumba ikiwa kimya, niliweza kuisikia ikianguka.

Na stempu zile zilitusomesha, ingawa si kila kitu tulikielewa sawasawa. Kulikuwa na nchi iitwayo Helvetia ambayo haikuwepo kwenye ramani ya darasani; tuliitafuta wiki nzima mpaka ramani ikachanika kwenye mkunjo. Kulikuwa na nyingine, Suomi; zote mbili ni za Ulaya, lakini hilo tulilijua ukubwani. Salum aliapa kwamba Suomi ni kisiwa cha Wajaluo, huko mbele ya Shirati.

"Mbona wana theluji?" nikamwuliza.

"Wewe umewahi kufika?"

"Sijafika."

"Sasa unabisha nini?"

Siku hizi mwanangu akitaka kujua nchi anaigusa kwenye kioo cha simu. Anajua kwa sekunde mbili, anasahau kwa tatu. Sisi tulikaa na ujinga wetu miezi mingi, tukaufuga, tukagawana.

Bibi, mama yake baba, alikuja kukaa nasi akitoka Sengerema. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga na kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, sanduku la bati na jembe. Jembe alilisimamisha nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo hakulitumia ila kulitazama. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa Babu alikuwa amekwisha kufariki kabla sijazaliwa. "Umechelewa, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia. "Umekuta kiti kitupu."

Mtoto wake wa mwisho, Baba Mdogo Masalu, alikuwa India akisomea mambo ya mabomba na maji. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege. Bibi alimsindikiza mpaka stesheni ya treni, akaamini kwamba treni ile ndiyo iliyomfikisha India, na hakuna aliyemsahihisha. Treni angalau alikuwa ameiona.

Barua zake zilikuwa tano, zimelala kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Bibi hakujua kusoma. Basi kila Jumapili, baada ya kanisa na baada ya ugali, alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akanawa mikono mara ya pili, akasema, "Mke mwenzangu, lete balua." Alisema balua, kama wengi wa kwetu, nami nilikuwa nimekoma kumsahihisha tangu siku aliponiuliza kama posta waliwahi kuikataa kwa sababu hiyo.

Ilisomwa barua moja kila Jumapili, kwa zamu, ya kwanza mpaka ya tano, kisha tunarudi mwanzo. Hakuruhusu kuruka hata salamu. Mnazikumbuka salamu zile? Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Bibi alizisikiliza kana kwamba ni habari mpya, akaitikia kwa kichwa. Na mimi, mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili, nilisoma kama ng'ombe anavyokunywa maji: kichwa chini, macho pembeni. Maneno yalipita kinywani mwangu kwenda kwa Bibi bila kugusa ukuta wowote njiani.

Mwaka ule barua ya sita haikuja. Masika yalipita, kiangazi kikaingia, miezi saba ikatimia. Baba alisema posta za nchi za watu zina mambo yake. Bibi yeye alianza kunawa mikono kwa muda mrefu zaidi kabla ya kusikiliza. Karatasi zile tano hazikuwa habari tena. Zilikuwa Masalu mwenyewe, amekunjwa.

Mimi niliyaona hayo yote. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Jumamosi moja Salum alikuja jiweni na pembetatu. Ndani yake palikuwa na samaki. Nimezaliwa kando ya ziwa. Nilikuwa nimeona sato, sangara, furu na kambale, na sijawahi kuona samaki aliyevaa vile: rangi ya chungwa, mistari myeupe, mapezi yamekaa kama kanga ya harusi.

"Wanyama wanne," nikasema.

"Hata sita sitaki."

"Saba, na meli moja."

Salum akakuna goti. Alipokuna goti nilijua kwamba bei imekwisha kuamuliwa tangu nyumbani kwao. "Nataka tausi."

Kosa la kwanza la mfanyabiashara ni kutangaza mali isiyo yake, na mimi nilikuwa nimelifanya. Nilikuwa nimemwonyesha ile barua ya tatu, kwa majivuno tu. Barua nyingine nne zilikuja kwenye bahasha za kawaida, na stempu zake nilizikata zamani kwa ruhusa ya Bibi mwenyewe. Ila ya tatu ilikuwa ile karatasi nyepesi ya bluu, mnaikumbuka, aerogramu, unaandika ndani, unaikunja, unalamba kingo, nayo inageuka kuwa bahasha yake yenyewe. Kwenye kona ya juu, kwa nje, alisimama tausi amefungua mkia.

"Ile ni ya Bibi. Haiuzwi."

"Sawa. Na samaki huyu kuna mtu wa Igogo anamtaka Jumamosi ijayo." Akafunga daftari taratibu, ili nimwone samaki akipotea.

Nilimwota wiki nzima. Ijumaa mchana Bibi alikwenda kumwona jirani aliyejifungua, nami nikavuta kopo. Kichwani nilikuwa na hoja safi kabisa: bahasha ni ganda, barua ni kiini, nimekata maganda manne na hakuna kiini kilichoumia. Nilipenyeza rula ndani ya mkunjo ili wembe usiguse kurasa za ndani, nikajiona mwangalifu kuliko watoto wote wa Mirongo. Nikakata mraba mzuri, nikaacha na ukingo. Nikarudisha barua kwenye kopo, nikaweka tausi kwenye bakuli, akitazama juu. Nikaondoka, kama sheria inavyotaka.

Niliporudi maji yalikuwa ya bluu.

Yalikuwa ya bluu kama ziwa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Na wino ulikuwa bado unashuka kutoka chini ya tausi, nyuzi nyembamba, zinajikunja na kujikunjua polepole, kama moshi uliosahau njia ya kwenda juu. Jua la dirishani lilipita katikati yake. Nilikaa nikatazama. Sijui ni dakika ngapi, na mimi si mtu wa kutojua ni ngapi. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka mtaa mwingine, nikakumbuka kwamba stempu hazitoi wino.

Nilimtoa tausi. Hakuwa amebanduka, wala asingebanduka hata ningemloweka mpaka Krismasi, kwa sababu hakubandikwa na mate ya mtu yeyote. Alichapwa kwenye karatasi yenyewe. Na nyuma yake, mahali ambapo Baba Mdogo aliandika kwa kalamu yake ya wino wa chupa, palibaki vivuli tu. Nilipofungua barua nikaona kwamba ipo barua ambayo ni ganda na kiini kwa pamoja. Palipokatwa palikuwa dirisha katikati ya maneno. Mistari minne imekatwa vichwa, imebaki mikia. Wa kwanza uliishia "juzi jioni". Wa pili, "nikatoka nje". Wa tatu, "wakanicheka". Wa nne, "kama wewe, mama".

Nilijaribu kukumbuka kilichokuwa mwanzoni. Nilikuwa nimeisoma barua ile zaidi ya mara kumi, kwa sauti, bila kuruka hata salamu. Sikukumbuka hata neno moja.

Kesho yake nilimpelekea Salum tausi, maana aliyekwisha kuharibu hutaka angalau alipwe. Alimshika kwa ncha za vidole.

"Meno yako wapi?"

"Meno gani?"

"Ya stempu. Hii haina meno. Hii ni picha."

"Wewe uliwahi kumwona tausi mwenye meno?"

"Na mkia wake umelowa wino. Kabula, umefanya nini?"

Nikamweleza. Salum, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kunihurumia hata kwa jino moja, alikaa chini.

"Bibi anajua kusoma?"

"Hajui."

"Sasa unalia nini?"

"Kesho ni zamu ya barua ya tatu."

"Si usome tu? Tia maneno." Nikamtajia ile mikia minne, akaipima kama kitambaa cha baba yake. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, "Nilikula wali juzi jioni. Nilipovimbiwa nikatoka nje. Nikacheua, wenzangu wakanicheka. Hakuna anayepika wali kama wewe, mama."

Ilikuwa inaingia sawasawa. Niliihesabu mistari mara mbili, ilikuwa minne. Mtu anayezama hachagui kamba.

Jumapili Salum alitokea nyumbani kwetu, amevaa shati la kupigwa pasi, eti amepita kusalimia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuoa au kula?"

"Kusikiliza tu, Bibi."

"Kaa. Mke mwenzangu, lete balua."

Alinawa mikono. Alinawa vidole kimoja kimoja. Nilikaa, nikaweka kiganja nyuma ya karatasi ili mwanga usipite, nikaanza. Dhumuni la barua hii. Hofu na mashaka. Chakula cha chuoni, pilipili zao, mwalimu mwenye kilemba. Nikafika dirishani. Nikasoma wali.

"Nani kala wali?" Bibi akauliza.

"Baba Mdogo, Bibi."

"Masalu wali unampa kiungulia tangu ananyonya. Rudia hapo."

Nikarudia, na hofu ikanichanganya, nikasema pilau.

"Mara ya kwanza ulikuwa wali," Bibi akasema.

Salum akasikia ghafla kwamba mama yake anamwita, ingawa kwao ni mtaa wa pili. Akaaga vizuri, kwa adabu, akatoweka.

Bibi alinyoosha mkono, nami nikampa barua. Aliiinua juu. Jua likapita pale nilipokata, likaangukia shavu lake, mraba mdogo wa mwanga wenye ukubwa wa stempu. Alipitisha kidole kwenye tundu, taratibu, akakizungusha, kama mtu anayepima nguo iliyoliwa na panya. Nilisubiri fimbo. Ningeipokea kwa shukrani. Nilimwambia yote: samaki, wembe, bakuli, maji ya bluu. Nilimwambia hata bei.

"Maji hayo uliyamwaga wapi?"

"Kwenye mgomba, Bibi."

Akatazama upande wa mgomba. Kisha akanirudishia karatasi. "Nisomee yaliyobaki."

"Juzi jioni," nikasoma. "Nikatoka nje. Wakanicheka. Kama wewe, mama."

Alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai ya moto bila kujiunguza. Midomo yake ilikuwa inatembea. Kisha akasema, si kwa sauti yake ya kuongea bali kwa sauti ya barua, ile ninayotumia mimi:

"Huku mvua ya kwanza ilinyesha juzi jioni. Nikasikia udongo unanuka kama wa kwetu, nikatoka nje. Nikasimama bila viatu, wenzangu wakanicheka. Hawajui. Hakuna anayejua kunusa mvua kama wewe, mama."

Nikasema moyoni, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Nilikosea, akanirudisha. Nilisema mara saba. Mwisho akanigusa paji la uso kwa kidole kile kile kilichopita kwenye tundu. "Kopo limetoboka, mke mwenzangu. Tutaweka hapa." Na tangu Jumapili hiyo hatukusoma tena. Tulijifunza. Mwaka ulipoisha nilikuwa na barua zote tano kichwani, salamu na hofu na mashaka, na ninazo mpaka leo.

Barua ya sita ilikuja na mvua za vuli. Baba Mdogo alikuwa ameugua homa ya matumbo, amelazwa, amepona, amekonda, anaomba radhi. Bibi aliishika kwanza dakika nzima kabla ya kuniruhusu kuifungua. Bahasha ilikuwa na stempu mbili, zenye meno yote. Sikuzigusa. Nilizihesabu tu. Na msitegemee kwamba Salum alinipa yule samaki kwa huruma. Alimuuza Igogo kwa wanyama wanane.

Baba Mdogo alirudi, akaoa, akapata kazi, akaota kitambi. Bibi aliishi akawaona watoto wa Masalu, kisha akatutoka, kwa utulivu, wakati wa mahindi mabichi. Baada ya arobaini tuligawana vitu vyake. Jembe alichukua Baba. Mimi nikaomba kopo. Tulikaa kwenye mkeka ule ule, Baba Mdogo na mimi, naye akacheka kuona mwandiko wake wa ujana. Nikamwambia nipe mgongo, usitazame karatasi, nikamsomea barua ya tatu kutoka kichwani.

Nilipofika kwenye mvua alinisimamisha. "Hiyo si yangu."

"Ni yako, Baba Mdogo. Ndipo palipokatwa."

Akachukua karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake, akasoma ile mikia. Akafikiri. "Hapa... nadhani hapa zilikuwa soksi. Baridi ilianza juzi jioni, soksi zangu zimetoboka, nikatoka nje hivyo hivyo, wakanicheka. Nilikuwa namwambia hakuna anayejua kuzishona kama yeye." Akanitazama. "Au nimeota? Miaka mingi, Kabula."

Hapo ndipo nikakumbuka ule muda wa kikombe cha chai. Nikakumbuka kwamba Bibi aliomba kwanza asomewe yaliyobaki, ndipo akafumba macho. Siku ile niliona mtu anayekumbuka. Sasa sijui. Huenda alikuwa anakumbuka. Huenda alikuwa anashona. Mtu mmoja tu angeweza kutuamulia, yule aliyeisoma barua ile kwa macho yake zaidi ya mara kumi, na yeye alikuwa anawaza stempu.

Baba Mdogo akanirudishia karatasi. Kisha akasema, kana kwamba anapunguza bei bila kuombwa, "Lakini mvua ya kule, kweli ilikuwa inanuka."

Sasa anaishi ng'ambo ya ghuba, na sihitaji kungoja kivuko wala posta kumsikia. Ananitumia sauti yake kwenye simu, mara nne au tano kwa siku, habari za mifugo na za magoti. Nasikiliza nikikatakata kitunguu. Nyingine nazifuta kujipatia nafasi. Mwanangu ana picha elfu kumi na tatu kwenye simu yake. Nilimwambia azihesabu mara mbili, akanicheka, akasema simu inahesabu yenyewe. Nikamwomba anitajie moja tu, bila kuifungua, aniambie kuna nini ndani yake. Akaanza, akakwama, akafungua simu. Sikumlaumu. Mimi nilikuwa na barua tano tu.

Kopo liko chini ya kitanda changu. Tausi ninaye pia, mkia wake wa bluu zaidi kuliko alivyochapwa. Mvua za kwanza zikikaribia, pale udongo wa Mirongo unapoanza kunuka na mawe yakabadilika rangi, huwa naitoa barua ya tatu, naifungua mapajani, namweka tausi kwenye tundu lake. Hatoshi. Maji yale yalimpunguza. Nimempima mara mbili, kila mwaka, na pande zote nne hubaki ufa mwembamba, mwanga unapita.

Sijawahi kumbandika. Naweka kidole juu yake asipeperuke, nafumba macho, nasoma.